Je, bakteria niliyemtenga kwenye mashapo ya pwani ni spishi mpya?

Swali: "Ninafanya utafiti wa shahada ya uzamili. Nilichukua mashapo ya pwani, sehemu inayofunikwa maji yakijaa na kuachwa wazi yakipwa, nikayapanda kwenye agari ya bahari. Siku ya 6 ikaota koloni moja ya rangi ya machungwa iliyopauka, ambayo sikuwahi kuiona kabla. Niliipeleka ikasomwe jeni ya 16S na nikarudishiwa mfuatano wa besi 742, yaani herufi 742 za DNA. Nilipoutafuta kwenye BLAST, programu inayolinganisha mfuatano na ile iliyohifadhiwa kwenye hifadhidata, mstari wa kwanza ulisema ni bakteria asiyewahi kuoteshwa, ufanano wa asilimia 99.6, na spishi ya kwanza yenye jina ilikuwa ya jenasi Maribacter, ufanano wa asilimia 97.3. Mwenzangu wa maabara anasema chochote kilicho chini ya asilimia 98.7 ni spishi mpya, hakuna mjadala. Mwingine anasema mstari ule wa kwanza unaonyesha kwamba kuna aliyenitangulia, na kwamba bila jenomu nzima, yaani DNA yake yote, nisijisumbue. Fedha zangu ni chache. Je, nimegundua spishi mpya? Na kama ndiyo, naruhusiwa kuipa jina la ukoo wangu?"

Jibu: Ndugu mtafiti, nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, na naona kwamba kinachokusumbua si bakteria peke yake, umepewa hukumu mbili zinazopingana na watu wawili unaowaamini, na hujui umfuate nani. Nianze kwa jibu fupi. Inawezekana kabisa kwamba unayo spishi mpya mkononi, lakini ushahidi ulionao leo haulibebi dai hilo. Mwenzako wa kwanza anakosea kwa kuichukulia namba moja kuwa hukumu. Wa pili anakosea kuhusu mstari wa kwanza wa BLAST, ingawa kuhusu jenomu ana hoja ya kweli ambayo nitairudia.

Kwanza nikuondolee hofu kwamba unajipa matumaini ya bure. Tabaka la juu la mashapo ya pwani ni miongoni mwa mahali penye msongamano mkubwa wa viumbe kuliko watu wanavyodhani: sentimita moja ya ujazo huweza kuwa na seli zinazokaribia bilioni moja, na zinazokubali kuota kwenye sahani zetu kwa kawaida hazifiki asilimia 1 ya zile zinazohesabiwa kwa hadubini. Agari uliyotumia, ikiwa ni ile inayojulikana kwa namba 2216, inatokana na mapishi ya Claude ZoBell wa miaka ya 1940, yenye gramu 5 za peptoni na gramu 1 ya dondoo ya hamira kwa kila lita. Kwa bakteria wa baharini hiyo ni karamu, na wanaoifaidi ni wale wenye haraka. Wale wa polepole hufunikwa kabla hatujawaona. Koloni yako ilijitokeza siku ya 6, wakati ambapo wengi huwa wameshazitupa sahani zao, na hilo peke yake linaongeza uwezekano kwamba umepata kitu ambacho wengine walikipita. Spishi mpya za bahari huelezwa kila mwaka kwa wingi, na nyingi kati yake zilianza hivihivi, kwa mtu kushuku rangi ya koloni.

Sasa tuiangalie ile namba, maana humo ndimo ulimo mzizi wa suala lote.

Ribosomu ni kiwanda ambamo seli huundia protini zake, na jeni ya 16S hubeba maelekezo ya RNA inayoshikilia sehemu ndogo ya kiwanda hicho. Kila bakteria anayo, na kwa kuwa kiwanda kikiharibika seli hufa, sehemu kubwa ya jeni hii haivumilii mabadiliko. Katikati ya sehemu hizo ngumu kuna maeneo tisa, V1 hadi V9, yanayobadilika kwa kasi kubwa zaidi kadiri vizazi vinavyopita. Mchanganyiko huo wa ugumu na ulegevu ndio uliowawezesha Carl Woese na George Fox, mwaka 1977, kuitumia RNA hii kuonyesha kwamba arkea ni tawi la uhai lililo mbali na bakteria, na ndio unaotuwezesha sisi leo kumtafutia bakteria jamaa zake kwa kusoma jeni moja tu.

Lakini jeni nzima ina besi zipatazo 1,500, na wewe umesoma 742, yaani nusu. Tufanye hesabu pamoja. Ufanano wa asilimia 97.3 katika besi 742 maana yake ni tofauti 20. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba nusu ambayo hukuisoma inafanana kabisa na ya jirani yako wa Maribacter. Basi tofauti zitabaki zilezile 20 katika besi 1,500, na ufanano utapanda hadi asilimia 98.67. Umeshafika kwenye kizingiti chenyewe cha 98.7, bila bakteria kubadilika hata kidogo! Si lazima iwe hivyo, kwa sababu nusu ya pili nayo huwa na tofauti zake, lakini usomaji wa upande mmoja kwa kawaida huanzia mwanzo wa jeni, kwenye maeneo ya V1 hadi V4 ambako mabadiliko ni mengi, kwa hiyo asilimia inayotokana na kipande hicho mara nyingi huonekana ya chini kuliko ile ya jeni nzima.

Kuna jambo jingine ambalo ningeliangalia leo hii, kabla ya kutumia hata senti moja. Fungua faili ya usomaji wako kwenye grafu ya vilele vya rangi, usiishie kwenye herufi peke yake. Besi 30 hivi za mwanzo na zile za mwisho za usomaji wa aina hii huwa hazieleweki vizuri. Vilele hupandana, na programu hubahatisha herufi. Kila herufi iliyobahatishwa vibaya huhesabiwa kama tofauti. Ikiwa 5 tu kati ya zile 20 zimetoka kwenye ncha hizo, hesabu yote niliyokufanyia hapo juu inageuka. Wanafunzi wengi waliokuja kwangu na spishi mpya walikuwa wamekuja na ncha ambazo hazikukatwa.

Sasa kuhusu kizingiti chenyewe. Kilianza kwa asilimia 97 mwaka 1994, kikapandishwa hadi kati ya 98.7 na 99 mwaka 2006, na mwaka 2014 kikapimwa upya kwa kutumia jenomu nyingi kikaangukia 98.65. Kutembea huko kwa namba hakutokani na ubabaishaji wa wataalamu. Kizingiti cha 16S hakikuwahi kuwa tafsiri ya spishi. Ni kivuli cha kipimo kingine. Mwaka 1987 kamati ya kimataifa ilikubaliana kwamba streini mbili, yaani vizazi viwili vilivyotengwa kila kimoja kutoka seli yake, zihesabiwe kuwa za spishi moja ikiwa DNA zao zote zikichanganywa hushikana kwa takriban asilimia 70 au zaidi. Kazi hiyo ya kuchanganya DNA ilikuwa ngumu na matokeo yake hayakulingana kati ya maabara na maabara, hivyo watu wakatafuta ni ufanano gani wa 16S ambao chini yake hakuna tena haja ya kujisumbua nayo. Ndipo zikazaliwa 97 na baadaye 98.7.

Ukilielewa hilo, utaona kwamba kizingiti hiki kinafanya kazi upande mmoja tu. Kama jeni yako nzima, iliyosomwa vizuri na kulinganishwa na streini za kielelezo (zile ambazo majina ya spishi yamefungwa kwake) za spishi zote zilizo jirani, iko chini ya 98.7, huo ni ushahidi mzito kwamba una spishi tofauti. Kama iko juu yake, hujajua chochote bado. Vibrio parahaemolyticus na Vibrio alginolyticus hufanana kwenye jeni hii kwa zaidi ya asilimia 99, na bado ni spishi mbili zinazotofautiana wazi. Zaidi ya hayo, bakteria wengi hubeba nakala kadhaa za jeni ya 16S katika jenomu moja. Escherichia coli, kwa mfano, ana 7, na nakala hizo si lazima zilingane herufi kwa herufi. Kwa hiyo usivunjike moyo jeni nzima ikikupa 98.9, wala usifanye sherehe ikikupa 98.2.

Nije kwenye ule mstari wa kwanza. Mwenzako wa pili ameusoma kana kwamba unasema kuna mtu aliyemgundua bakteria huyu kabla yako. Sivyo. Maingizo ya namna hiyo hutokana na watafiti waliochota DNA yote iliyomo kwenye maji au mashapo, wakanakili jeni za 16S na kuzisoma, bila kumwotesha wala kumwona mwenye jeni. Hawana koloni na hawana jina. Wanachokiweka kwenye hifadhidata ni alama ya wayo tu. Ufanano wa asilimia 99.6 unakwambia kwamba mwenye wayo huo huenda ndiye uliyemtenga wewe, au jamaa yake wa karibu sana, na kwamba anaishi pia kwingine. Nenda kasome ingizo hilo limetoka wapi: ni mashapo, maji, sponji au mwani? Habari hiyo itakufaa baadaye utakapoeleza makazi ya bakteria wako. Haikupunguzii haki yoyote, na kwa maoni yangu inaiongezea streini yako thamani, kwa sababu sasa wote waliomjua kwa wayo wanaweza kumpata akiwa hai.

Tatizo la kweli la BLAST liko kwingine. Hifadhidata ya GenBank hupokea jina lolote ambalo mwenye kuweka mfuatano ameliandika, na majina yasiyo sahihi yamejaa humo. Huyo Maribacter wa asilimia 97.3 huenda ni streini ya mtu aliyekisia jina kama unavyotaka kukisia wewe. Unachopaswa kujilinganisha nacho ni streini ya kielelezo, ile moja ambayo jina la spishi limefungwa kwake daima. Tumia EzBioCloud, ambayo hukuonyesha majirani wenye hadhi hiyo na kukuhesabia ufanano, kisha pitia LPSN, orodha ya majina yanayotambulika ya bakteria, uone kama kuna spishi za Maribacter zilizotangazwa karibuni ambazo bado hazijaingia kwenye ulinganisho wako. Halafu chora mti wa nasaba wenye spishi zote za jenasi hiyo pamoja na za jenasi jirani. Jirani wa kwanza kwa asilimia si lazima awe ndugu wa kwanza kwenye mti, na katika familia ya Flavobacteriaceae, ambamo Maribacter yumo, mipaka ya jenasi imehamishwa mara kadhaa. Usishangae streini yako ikisimama nje ya Maribacter kabisa.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, kuna swali ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha: je, una hakika koloni yako ni ya bakteria mmoja? Koloni moja ya mashapo ni mahali pazuri pa kujificha, kwa kuwa bakteria wa matope huishi wameshikana kwa utelezi, na wale wembamba hukaa katikati ya wengine. Niliwahi kupoteza karibu miezi miwili nikipima sifa za streini moja ya manjano iliyokuwa inavunja agari vizuri ajabu, hadi hadubini iliponionyesha fimbo ndefu na fimbo fupi katika tone lilelile. Aliyekuwa anavunja agari alikuwa mwingine, na jeni niliyoisoma ilikuwa ya mwenzake. Ichore upya streini yako kwenye sahani safi angalau mara tatu mfululizo, kila mara ukichukua koloni moja iliyojitenga, uiache sahani ya mwisho wiki mbili ili wa polepole wajitokeze, na uiangalie kwa hadubini. Kisha isome upya jeni kutoka kwenye kizazi hicho kilichosafishwa, kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzishia usomaji) za 27F na 1492R, kutoka pande zote mbili, upate karibu jeni nzima. Hii ni gharama ndogo kuliko zote zitakazokuja, na ndiyo itakayokwambia kama zile nyingine zina maana.

Tukifika hapo tunarudi kwa mwenzako wa pili na hoja yake ya jenomu. Alichosema kwamba usijisumbue ni kikali mno, lakini ni kweli kwamba siku hizi huwezi kutangaza spishi mpya ya bakteria aliyeoteshwa kwenye jarida la IJSEM, ambalo ndilo rasmi kwa majina ya bakteria, bila jenomu yake. Sababu ni ileile niliyoieleza: 16S ni kivuli, na sasa tunao uwezo wa kukitazama chenye kivuli. Kompyuta hukata jenomu ya streini yako vipande vya besi elfu moja hivi, ikavitafuta vipande hivyo kwenye jenomu ya jirani, na kupiga wastani wa ufanano wa vile vilivyopatikana. Wastani huo hufupishwa ANI. Ukiwa chini ya asilimia 95, ni spishi mbili. Ukizidi 96, ni moja. Katikati ya hapo ni eneo la ukungu ambalo linahitaji macho zaidi ya mawili. Kipimo cha pili, dDDH, huiga kwa kompyuta ule mchanganyiko wa DNA wa zamani, na kizingiti chake kimebaki asilimia 70. Vyote viwili unaweza kuvipata bila malipo mtandaoni, dDDH kwa mfano kupitia huduma ya TYGS, ukishakuwa na jenomu yako na za majirani, ambazo nyingi zimeshawekwa wazi.

Kwa kuwa umesema fedha ni chache, nakushauri jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Wanafunzi wengi hufundishwa kuanza na vipimo vya sifa, yaani sukari zipi anatumia, vimeng'enya vipi anavyo, chumvi kiasi gani anavumilia, na jenomu huachwa mwisho kama pambo la gharama. Mimi ningeanza na jenomu mara tu 16S kamili inapoonyesha kwamba safari ina matumaini. Kusoma jenomu ndogo ya bakteria kumekuwa nafuu sana ukilinganisha na miaka kumi na mitano iliyopita, wakati vipimo vya kemia ya seli na kuagiza streini za majirani hula fedha na miezi. Ikiwa ANI na jirani ni asilimia 97.5, umeokoa mwaka mzima wa kazi na bado una makala nzuri kuhusu streini mpya ya spishi inayojulikana. Jenomu yenyewe pia hukuonyesha vipimo gani vina maana kuvifanya. Hakikisha tu kwamba kila sehemu yake imesomwa mara 50 au zaidi kwa wastani, na uipitishe kwenye programu kama CheckM, inayotafuta jeni zinazopaswa kuwepo mara moja moja. Ukikuta ukamilifu uko juu ya asilimia 90 na uchafu uko chini ya 5, endelea. Uchafu ukizidi hapo, rudi kwenye sahani, kuna mgeni ndani.

Vipimo vya sifa bado vina nafasi yake, na hapo kosa kubwa ninaloliona kila mara ni kuchukua takwimu za majirani kutoka kwenye makala za watu na kuziweka kwenye jedwali pamoja na za kwako. Asidi za mafuta za bakteria hubadilika kufuatana na joto, umri wa koloni na chakula alichopewa. Ukilinganisha streini yako ya nyuzi 28 na ya mwingine iliyooteshwa nyuzi 20 kwenye agari tofauti, unalinganisha maabara, si spishi. Agiza streini za kielelezo mbili au tatu zilizo karibu zaidi, uzioteshe upande kwa upande na ya kwako, na uzipime siku moja. Kwa familia hii utatarajia kwinoni (molekuli inayobeba elektroni kwenye utando wa seli) ya MK-6 kuwa kuu, na asidi za mafuta zenye matawi kama iso-C15:0 kuwa nyingi. Ukipata kinyume chake, shuku kwanza usafi kabla ya kushuku sayansi. Jaribu tone la potasiamu hidroksaidi ya asilimia 20 kwenye koloni: rangi ya machungwa ikigeuka nyekundu au kahawia, kuna rangi ya kundi la fleksirubini, na hiyo ni alama inayotenganisha jenasi kadhaa jirani. Angalia pia kama ukingo wa koloni unasambaa na kuteleza kwenye agari yenye chakula kidogo. Na unapopima chumvi, usiishie kwenye kiwango; badilisha sodiamu kwa potasiamu uone kama bakteria ataota, kwa maana kuvumilia chumvi ni jambo moja na kuhitaji sodiamu ni jingine. Jenasi ya Salinispora, iliyotoka kwenye mashapo ya bahari, ilijulikana mapema kuwa si mgeni aliyesombwa kutoka nchi kavu kwa sababu ilidai maji ya bahari ili iote.

Streini moja inatosha kisheria, na spishi nyingi zimeelezwa kwa streini moja. Siipendi hali hiyo, maana hujui kama sifa unayoielezea ni ya spishi au ni ya mtu mmoja tu ndani ya ukoo wake. Kama mashapo yako ya mwanzo bado yapo, au unaweza kurudi mahali palepale, yapande tena kwenye agari iliyochanganywa maji mara kumi, uzisubiri sahani wiki tatu au nne, na utafute wenzake.

Kuhusu jina sasa. Kanuni za majina ya bakteria hazikukatazi kwa mkono wa chuma kujiita mwenyewe, lakini ni desturi ya taaluma kwamba mtu hajipi jina, na wahariri watakuuliza. Jina la mwanasayansi mwingine linakubalika. Ndivyo ZoBell alivyopata jenasi ya Zobellia. Kwa spishi, neno la Kilatini linaloeleza ufuo, mashapo au rangi ni salama zaidi, ila angalia LPSN kwanza, kwa sababu Maribacter sedimenticola tayari yupo na maneno mengi mazuri yameshachukuliwa. Neno hilo likiwa kivumishi, lifuate jinsia ya jenasi, na Maribacter ni ya kiume, hivyo ni marinus, si marina.

Kuliko jina, hata hivyo, kuna sharti linalowaangusha watu wengi zaidi. Ili jina litambulike, streini ya kielelezo lazima iwekwe akiba hai katika hazina mbili za vijiumbe zilizo katika nchi mbili tofauti, kama vile DSMZ ya Ujerumani na JCM ya Japani, na ipatikane kwa mtafiti yeyote anayeiomba bila masharti ya kumzuia. Hapa ndipo sheria za rasilimali za viumbe zinapoingia. Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inazipa nchi nyingi haki ya kudai kibali kabla ya sampuli kuchukuliwa au kutumwa nje, na hazina nyingi hazitaipokea streini yako bila nyaraka hizo. Kama ulichukua mashapo bila kibali na sheria ya nchi husika ilikidai, lishughulikie sasa, kabla ya jenomu, kwa kuonana ana kwa ana na ofisi ya utafiti ya chuo chako. Nimeona spishi nzuri zikikaa kwenye friji kwa miaka kwa sababu ya karatasi moja. Kuna njia nyingine, SeqCode, iliyoanza mwaka 2022, ambayo huruhusu jenomu yenyewe kuwa kielelezo cha jina. Iliundwa hasa kwa ajili ya wasiooteshwa, wa namna ya Thiomargarita namibiensis, yule bakteria mkubwa wa mashapo ya Namibia anayeonekana kwa macho matupu, ambaye tangu aelezwe mwaka 1999 amewashinda watu kumwotesha peke yake. Wewe unaye wa kwako kwenye sahani. Nisingeichagua njia hiyo kama ile ya kuweka akiba iko wazi kwako.

Kuna mambo matatu ambayo usiyafanye peke yako kwa kufuata maandishi, yangu yakiwemo. La kwanza ni ANI kuangukia kati ya 95 na 96; keti na mtu anayejenga miti ya jenomu, awe na data yako mbele yake. La pili ni kemia ya lipidi na kwinoni, ambayo kwa mtu asiyeizoea hutoa madoa mazuri yasiyo na maana; tafuta maabara inayoifanya kila wiki, ukae nayo siku chache. La tatu ni usalama. Huyu wa rangi ya machungwa hanitii wasiwasi, lakini mashapo yaleyale huweza kubeba Vibrio vulnificus, ambaye akiingia kwenye jeraha huweza kuua ndani ya siku chache. Ikiwa streini yoyote kutoka sahani zako itakuwa na jirani wa namna hiyo, mwone msimamizi wa usalama wa maabara kabla ya kuiotesha kwa wingi, na ukijikata ukiwa na matope hayo mkononi kisha kidonda kikavimba na kuuma haraka, nenda hospitali siku hiyohiyo na uwaambie kwamba kiligusana na maji ya bahari.

Wiki hii, basi, fungua ile grafu ya vilele na ukate ncha zake. Anza kuichora streini upya. Jioni hiyohiyo chukua kiasi chake, ukichanganye na gliseroli ya asilimia 20 iliyotengenezwa kwa maji ya bahari badala ya maji matupu, uviweke vichupa vitano kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri, na baada ya siku chache ukiyeyushe kimoja uone kama kinaota. Ukishapata jeni kamili, niandikie tena ukiwa na ufanano wake na streini tatu za kielelezo zilizo karibu zaidi, pamoja na picha ya hadubini, tuamue kama fedha za jenomu zitoke sasa au zisubiri.